Inchi Kumi na Nne za Kwemkole

Benchi langu ni ubao mmoja wa mti wa mkulo uliokatwa msitu wa Magamba, umelazwa juu ya mawe mawili mbele ya duka la Mhindi, pale njia ya kupanda bomani inapokata kona. Mimi ni Mbaraka, mwenye dele la kahawa, na nasema bila kuona haya kwamba katika Lushoto nzima hakuna ofisi iliyopitisha maamuzi mengi kuliko benchi hilo. Hapo vita vya Hitla tulivimaliza miezi mitatu kabla Hitla mwenyewe hajapata habari. Hapo, mwaka ule mfalme wa Waingereza alipofariki, tulimkalisha binti yake kwenye kiti kabla bendera ya bomani haijateremshwa nusu mlingoti. Na hapo, kila siku ya mwisho wa mwezi, kwa muda wa miaka mitatu, tuliunyeshea mvua mlima wa Kwemkole.

Niwaeleze vizuri, maana jambo lenyewe lina aibu na aibu ikielezwa vibaya huzidi. Kwemkole ni kilele cha mbali nyuma ya Magamba, mwendo wa siku mbili kwa mtu mwenye magoti mazima. Kutoka kwenye benchi unakiona asubuhi tu, mawingu yakiwa bado hayajaamka: bega la mwamba mtupu juu ya msitu mweusi. Upande wetu ni miti na ukungu. Upande wa pili, wasemavyo watu, ardhi inakatika ghafla na kuteremka hadi nyika. Mzungu mmoja wa mambo ya hewa alipandisha mkebe wa kupimia mvua mpaka kileleni, mkebe mkubwa wa kukusanya maji ya mwezi mzima, kisha akaenda zake Dar es Salaam. Akatafutwa mtu wa kupanda kila mwisho wa mwezi, ayamimine maji yale kwenye chupa yenye mistari, aandike inchi daftarini. Akapatikana Tobia. Akapewa koti lenye vifungo vya shaba, viatu vyenye misumari, daftari na penseli.

Tobia alijaribu kupanda mara moja. Alifika pale miti ya Magamba inapoanza kubanana, ukungu ukashuka, akasikia chui akikohoa. Labda alikuwa mkata mbao mwenye mafua, hatukupata kujua. Akarudi mbio. Alikaa kwenye benchi langu, daftari tupu mapajani, nami nikamhurumia. Ni mimi niliyesema: “Hapa Lushoto tumepata inchi nne. Mlima uko juu zaidi. Weka nane.” Akaweka nane. Siku ile ile tukampa jina la Inchi.

Baada ya hapo kazi ikawa na taratibu zake. Asubuhi tukiona Kwemkole umevaa kofia ya wingu, tunaongeza nusu inchi. Kofia ikishuka hadi mabegani, inchi nzima. Mwisho wa mwezi Tobia anamuaga mkewe Secilia kwamba anapanda, anajificha siku nne ghalani kwangu kati ya magunia ya mkaa, anatoka amepauka kweli kweli. Secilia akija kuuliza mume wake yuko wapi, mimi nanyoosha kidole kuelekea mlimani.

Mwezi Machi wa mwaka wa tatu masika ilisuasua hata Lushoto, lakini Kwemkole haukuvua kofia hata siku moja. Tukajumlisha, tukapata inchi kumi na tano na nusu. Mmoja wetu akasema tusiwe walafi, tukaandika kumi na nne. Tukapongezana, nikawapa wote kikombe cha bure.

Basi Alhamisi moja ya Julai, baridi inauma masikio, walikuwa wamekaa wawili. Wa kwanza ni Sefania, tunamwita Bama, kwa kuwa alipelekwa Bama na jeshi la Keya wakati wa vita na tangu arudi hajarudi sawasawa. Wa pili ni mzee Timotheo, tunamwita Mwalimu Ramani. Alifundisha misheni Mlalo tangu enzi za Mjerumani, na alipostaafu alibaki na ramani moja ya nchi nzima. Mchwa wameila sehemu moja tu, nayo ni Usambara. Tobia akaja, barua mkononi, uso umemshuka.

Inchi: Shikamoo Mwalimu. Jamani, nimekwisha.

Bama: Umefiwa?

Inchi: Afadhali ningefiwa. Bwana Mvua anakuja kesho.

Bama: Yupi huyo?

Inchi: Mkubwa wangu wa Dar es Salaam. Anataka nimweleze Kwemkole wote. Urefu wake, mawe yake, upepo wake, ukungu wake, na kwa nini mwezi Machi ulipata mvua kuliko mlima wowote wa Usambara. Halafu Jumamosi tupande wote wawili.

Ramani: Lete hiyo barua. (Akaishika mbali na macho.) Mbona hapa kaandika “kwa furaha kubwa”?

Inchi: Hiyo furaha ndiyo inayonitisha, Mwalimu. Nina watoto wanne. Hili koti likivuliwa nitarudi kubeba mbao, na kifua changu mnakijua.

Nilimwonea huruma, lakini pia, nisifiche, nilijionea huruma mimi. Mtu aliyeanzisha nane ni mimi.

Bama: Acha kulia wewe. Jeshini tulifanya mazoezi kabla ya kukutana na Mjapani, ndiyo maana niko hapa nakunywa kahawa. Tufanye mazoezi. Mimi nitakuwa Bwana Mvua. Mbaraka, nipe hicho kiboksi nikae juu.

Nikampa boksi la sabuni. Akakalia, akakunja mguu, akaweka gunzi la mahindi mdomoni mahali pa kiko.

Bama: Tobia!

Inchi: Bwana.

Bama: Onyesha viatu vyako.

Inchi akainua mguu. Nyie, nyayo zile zilikuwa mpya! Miaka mitatu, misumari yote inang'aa.

Bama: Hivi ndivyo viatu vya mtu wa kupanda mlima hivi? Vua! Mbaraka, chukua jiwe uvikwangue.

Nikavichukua. Tangu hapo mpaka mwisho wa habari hii mjue kwamba mkono mmoja unamimina kahawa na mwingine unakwangua viatu vya serikali.

Bama: Swali la kwanza. Mlima una futi ngapi?

Inchi: Elfu saba, bwana.

Ramani: Ebo! Hizo ni futi za Mjerumani. Usimwambie mtu futi za zamani. Mlima unakua.

Inchi: Unakua?

Ramani: Kitu kinachonyeshewa inchi kumi na nne kwa mwezi kisikue kwa nini? Boga linakua, mlima ushindwe? Nikiwa kijana Mlalo, nilikuwa nikisimama mlangoni kwa mchungaji, nauona Kwemkole juu ya paa la kanisa, ncha tu. Nilipoondoka nauona mpaka shingoni.

Mimi: Mwalimu, si paa lile lilishushwa walipotoa nyasi wakaweka mabati?

Ramani: Wewe mimina kahawa.

Bama: Andika futi elfu saba na mia mbili. Mia mbili ni za tangu Mjerumani aondoke. Swali la pili. Mawe yake yakoje?

Inchi: Mawe yake ni... magumu.

Bama: Mtu hapandi gari moshi kutoka Dar es Salaam kuja kuambiwa jiwe ni gumu.

Hapo Mwalimu Ramani akaingiza mkono kwenye koti akatoa jiwe. Alikuwa nalo siku zote, nadhani hata kitandani. Lilikuwa na mistari myeupe na myeusi iliyopinda, na katikati punje nyekundu kama mtama.

Ramani: Hili ndilo jiwe la Usambara. Profesa mmoja Mjerumani alinieleza kwa mdomo wake, nikiwa nimembebea nyundo. Jiwe hili lilipikwa. Lilikuwa chini kabisa ya ardhi, kwenye moto, likalainika, likakunjwa kama chapati, ndiyo hii mistari. Halafu nchi nzima ikainuliwa na nyika ikaachwa chini. Ndiyo maana mlima umekatika upande mmoja kama umekatwa kwa panga.

Sasa hayo, kusema kweli, yalikuwa maneno ya maana. Kama angekomea hapo, angebaki na heshima yake. Lakini benchi langu halijawahi kumruhusu mtu akomee pazuri.

Inchi: Na hizi punje nyekundu?

Ramani: Chuma. Mbegu za chuma. Zinavuta mawingu kama sumaku inavyovuta sindano.

Bama: Aka! Mwalimu, hapo umepotea. Huko Bama nimeona mawe mekundu mengi kuliko wewe. Kule yanavaliwa na malkia vidoleni. Hayavuti kitu ila wezi.

Ramani: Basi nieleze wewe, kwa nini mawingu yanaganda Kwemkole tu na Lushoto yanapita?

Bama: Si umesema mwenyewe jiwe limepikwa? Kitu kilichopikwa kinabaki na joto. Mawingu yanatoka baharini huko, yanapanda, yanapigwa na baridi ya Magamba, yanatetemeka. Yakiona jiwe lenye moto wake, yanakuja kuota. Yakipata joto yanayeyuka. Hiyo ndiyo mvua.

Mimi niliipenda sana nadharia hiyo, kwa sababu hata kahawa yangu inauzwa kwa njia hiyo hiyo.

Ramani: Siyo mbaya. Lakini sumaku iwepo. Yanavutwa kwanza, halafu yanaota.

Bama: Haya, yanavutwa, yanaota. Inchi, umeshika?

Inchi: Yanavutwa na chuma, yanaota moto, yanayeyuka. Ee Mungu wangu.

Bama: Swali la tatu. Upepo.

Inchi: Upepo unatoka Tanga, bwana, una maji ya bahari. Unapanda milima, unapanda, ukifika Kwemkole umechoka, unatua mzigo.

Bama: Safi kabisa. Na upande wa pili wa mlima?

Inchi akamtazama Mwalimu. Mwalimu akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu.

Ramani: Upande wa pili hauulizwi.

Bama: Akiuliza?

Ramani: Hatauliza. Upande wa pili hauonekani kutoka hapa.

Bama akaona hilo ni jibu la kutosha, akavuta gunzi lake.

Bama: Sasa linakuja kubwa. Jumamosi mnapanda. Utamwongoza Bwana Mvua kwenda mahali usipopajua. Utamwambiaje?

Inchi: Ndilo lililoninyima usingizi hilo.

Ramani: Mwambie mlima una mwiko mwezi wa saba.

Bama: Mzungu ukimwambia mwiko ndio anakimbilia. Mwambie mkebe haupo. Mbega wamekuja wakauchukua.

Inchi: Mbega abebe mkebe wa chuma?

Bama: Wawili.

Ramani: Akiuliza wameupeleka wapi?

Bama: Atawauliza mbega! Sisi tumejuaje?

Ramani: Hapana, hapana. Tumieni elimu. Mlima unaokua haukui wima siku zote. Mti wenyewe ukirefuka unainama. Kwemkole umeinamia Mlalo. Kilele kimetoka pale kilipokuwa. Tobia alikuwa akipanda njia ile ile kila mwezi, mwezi huu akifika anakuta kilele hakipo, kimesogea. Kosa si lake, ni la mlima.

Msinicheke, lakini wakati ule, kahawa imo na tangawizi imo, sote wanne tuliona jambo hilo limekaa vizuri. Hata Inchi alianza kupata rangi. Akafungua daftari, akalamba ncha ya penseli.

Inchi: Kilele kimesogea hatua ngapi?

Bama: Weka mia na...

“Onga mshi.”

Tukageuka. Kwenye kona alikuwa amesimama mama mmoja mtu mzima, kaniki kiunoni na nyingine kichwani, miguu imejaa vumbi jeupe. Vumbi jeupe silo la kwetu, la kwetu jekundu. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba kondoo mweusi tii, mbavu zinahesabika.

“Niwedi,” tukaitikia salamu yake kwa Kisambaa. Inchi akasimama peku peku. “Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mimi naitwa Mwanahawa. Nimetoka chini ya Kwemkole, upande wa nyika. Namtafuta mtu anaitwa Tobia, mwenye mvua.”

Bama akatoa gunzi mdomoni taratibu.

Inchi: Tobia ni mimi, mama. Karibu ukae.

Akakaa ukingoni mwa benchi, kondoo akalala miguuni pake. Nikammiminia kikombe. Alikishika kwa mikono miwili bila kunywa, akipasha vidole.

“Nimetumwa na wazee,” akasema. “Kwetu masika hii haikunyesha. Siku mbili tu za Aprili, nazo ni manyunyu. Vuli iliyopita ilikuwa kidogo. Mahindi ya mbegu tumekwisha kula. Sasa tunachemsha mizizi. Mjukuu wangu wa mwisho hatembei tena, anabebwa. Wazee wakaenda kuomba mahindi ya njaa, kwa bwana yule anayeyagawa. Akafungua kitabu kikubwa. Akasema, nyie mnatokea Kwemkole? Machi, inchi kumi na nne. Akasema, nyie mmenyeshewa kuliko watu wote wa Usambara, nendeni mkalime, mahindi ni ya wenye njaa.”

Kukwangua kwangu kulisimama. Nikasikia jiwe limeanguka, nikajua limetoka mkononi mwangu.

“Wazee wakamuuliza karani wake,” mama akaendelea, sauti haipandi wala haishuki. “Hiyo mvua nani kaisema? Karani akasema, inaandikwa na Tobia, yuko Lushoto. Basi tukaelewa. Mvua ipo, ila ina mwenyewe. Zamani tulijua mwenye mvua ni nani na tulimpelekea kondoo mweusi. Siku hizi mambo yamehamia kwenye daftari, haidhuru, kondoo ni yule yule. Ndiye aliyebaki kwetu.”

Akainyoosha kamba kwa Inchi.

Mimi nilizaliwa milima hii. Najua maana ya mtu kusemwa kwamba ana mvua na ameifunga. Zamani mtu kama huyo alikuwa akivutwa kutoka nyumbani kwake apigwe. Na huyu mama alikuja kwa adabu, na kondoo, na shikamoo akaitikia. Sikuwahi kuona aibu kama ile tangu nizaliwe.

Inchi hakuipokea kamba. Mikono aliificha nyuma.

Inchi: Mama, mimi sina mvua.

“Imeandikwa unayo.”

Ramani: Mama, hebu nikueleze. Ule mlima una mawe yenye chuma, yanavuta...

“Samahani mzee wangu,” akasema. “Mawe yetu nayajua, nimezaa watoto saba juu yake. Sikuja kuuliza mawe. Naomba kuuliza kitu kimoja tu, kisha nitawaacha mnywe kahawa yenu.”

Ramani: Uliza, mama.

“Hizo inchi kumi na nne zilizonyesha Kwemkole mwezi wa Machi, ziliteremkia wapi?”

Mwalimu Ramani akaligeuzageuza jiwe lake. Mtu aliyewahi kueleza kwa nini mwezi haumdondokei mtu, na kwa nini Waingereza wana miguu myembamba, sasa alitafuta maji kwenye mistari ya jiwe.

“Maana maji yana uzito,” mama akasema. “Hayakai juu. Sisi tuko chini yake, tungeyaona. Kijito chetu kimekauka tangu Februari, tunachimba mchanga. Nilipopita upande huu wa Magamba nikauliza huko nako, je, maji yamekuja kwenu? Wakasema mto umepungua. Basi yamekwenda wapi?”

Ramani: Labda... ndani. Ndani ya mlima kuna mapango.

“Yakiingia ndani si yatatokea kwenye chemchemi? Ninazo nne chini ya mwamba. Zote kavu.”

Bama alikuwa ameshateremka kwenye boksi, sikuona alipoteremka.

Bama: Lakini mama, lile wingu. Tunaliona kila siku. Mlima umevaa kofia mwezi mzima!

“Wingu lipo,” akasema. “Linakuja, linakaa, linaondoka. Ni ukungu tu baba. Unalowesha majani ya juu, mbuzi wanakwenda kuyalamba. Kwenye chungu haliingii tone. Hata mtoto wa kwetu anajua wingu la Kwemkole halina mvua.” Akamgeukia Inchi. “Wewe hukulijua hilo? Ulipopanda hukuliona?”

Inchi: Sikupanda.

“Machi?”

Inchi: Machi wala mwezi wowote. Miaka mitatu.

“Sasa uliipima wapi?”

Angeweza kusema uongo mwingine. Tulikuwa nao wa kutosha, mwingine bado una moto. Lakini aliinama akaonyesha benchi.

Mama Mwanahawa akaliangalia benchi letu kwa muda. Akaweka kikombe chini, akakipitisha kiganja juu ya ubao, toka mwisho huu hadi pale ulipofika mkono, kama mtu anayepapasa nguo kama imekauka. Kisha akakigeuza kiganja akakitazama. Kilikuwa kikavu.

“Haya,” akasema. Akasimama, akaivuta kamba. “Kama huna mvua, kondoo narudi naye.”

Hilo tu. Hakutukana, hakulaani. Ningependa angetukana.

Alikuwa ameshakata kona Inchi aliponinyang'anya viatu.

Bama: Unakwenda wapi?

Inchi: Kwemkole.

Bama: Una wazimu? Bwana Mvua anakuja kesho!

Inchi: Akija mwambieni nimetangulia. Mkebe nitaufungua keshokutwa, nitaandika kilichomo, hata kikiwa sufuri. Na hizo za nyuma nitamwambia zilitoka wapi, ampelekee bwana wa mahindi kabla huyo mtoto hajafa.

Ramani: Mwanangu, koti watalivua.

Inchi: Walivue, Mwalimu. Nimelivaa miaka mitatu sijawahi kulilowesha.

Akafunga kamba za viatu vibaya vibaya, akalitia daftari kifuani, akakimbia. Sisi watatu tukaenda mpaka kwenye kona kuchungulia. Mama alikuwa amesimama katikati ya njia ya Magamba akimngoja, hana haraka. Tukamsikia Inchi akiuliza, akihema:

“Mama, njia ya Kwemkole inaanzia wapi?”

Mama akamtazama kuanzia vifungo vya shaba mpaka kwenye viatu.

“Mfuate kondoo,” akasema. “Yeye anaijua.”

Wakaenda hivyo, kondoo mbele, mama nyuma yake, na mtu wa serikali mwisho. Tulirudi kwenye benchi. Bama akaniambia nimuongezee, nikainamisha dele, yakatoka machicha. Nikasogeza kando chungu cha maharagwe ya chakula changu, nikaanza kufikiria unga wa kuwapelekea watu wa yule mama. Jioni ile nilipita kwa Secilia nikamweleza yote, pamoja na ghala langu na magunia ya mkaa. Alinipiga kwa mwiko, na nikashukuru. Kisha yeye na mimi tukajaza debe la unga, na ndugu yake mwenye punda akaondoka nalo kwenda kwa Mama Mwanahawa kabla ya jua kutoka. Debe moja kwa kijiji kizima ni kitu cha kuchekesha, najua. Lakini lilikuwa debe la kweli.

Ijumaa asubuhi Bwana Mvua akafika. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, kofia mkononi, Kiswahili chake cha kujikwaa lakini chenye heshima. Aliambiwa bomani kwamba mtu wake hupatikana kwenye benchi la kahawa. Akatusalimu wote, akakaa, nikampa kikombe.

“Tobia yuko wapi?” akauliza.

Nikanyoosha kidole kuelekea mlimani, kama nilivyozoea kwa miaka mitatu. Ila mara hii ilikuwa kweli.

Bwana Mvua akafuata kidole changu kwa macho. Kwemkole ulikuwa umevaa kofia yake mpaka mabegani. Akatabasamu kwa furaha ile ile kubwa ya kwenye barua.

“Ah,” akasema. “Wingu kubwa. Leo huko juu mvua nyingi sana, siyo?”

Bama akatazama chini. Mimi nikafuta kikombe kilichokwisha kufutwa. Mwalimu Ramani alikuwa na jiwe lake mkononi. Akaliangalia, akalirudisha mfukoni, akakohoa.

“Hatujui, bwana,” akasema. “Tobia amekwenda kuangalia.”